Taa za Fundi Marselino na Salamu za Nesi Silvana

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni unachambua maharage, karibu. Kama uko dukani unangoja mteja, karibu. Kama umekaa na mgonjwa, mpe pole kwa niaba yetu, kisha isogeze redio karibu naye, asikilize pamoja nasi.

Leo tunamkumbuka mtu wa Milanzi, hapa hapa Sumbawanga. Jina lake Marselino Alfonsi. Wengi wenu mlimwita Fundi Taa. Fundi Marselino ametutoka mwezi uliopita, akiwa mzee wa wajukuu na vitukuu. Tumemzika Milanzi, na upepo wa Ufipa siku ile haukutuonea huruma hata kidogo.

Najua wapo watakaouliza: fundi taa ana kipi cha kukumbukwa redioni? Hakuwa mkubwa wa serikali. Hakuwa padri. Hata pikipiki, ambazo alizitengeneza maisha yake yote, kuziendesha hakuweza. Ngojeni kidogo. Haraka haraka haina baraka, na leo mtaona kwamba msemo huo una kisa chake huku kwetu.

Marselino alizaliwa huku juu uwandani, kwa wakulima wa ulezi. Ujana wake aliumalizia katika karakana ya misheni, akijifunza umeme wa magari. Aliporudi akajenga kibanda cha mabati kando ya barabara ya Milanzi, akaweka meza, akaanza kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa pia na tabia moja ambayo kila aliyepita kibandani pale anaikumbuka. Betri za redio alizipima kwa ulimi. Anaunganisha nyaya mbili, anagusisha ncha zake ulimini, anafumba macho, anatoa hukumu. "Hii bado nzima." Au, "Hii, mzee wangu, tumshukuru Mungu kwa siku ilizofanya kazi."

Mjane wake, Silvana, ambaye siku hizi tunamwita Mama Silvana, alituambia hivi tulipokwenda kumpa pole: "Nilipoolewa, wiki ya kwanza nilidhani nimepewa mume mwenye wazimu. Nilitaka kurudi kwetu."

Hakurudi kwao, tunashukuru. Kwa sababu kumbukumbu ya Fundi Marselino ni kumbukumbu ya watu wawili. Ni ya fundi, na ni ya mke wake nesi.

Wasikilizaji wapendwa, turudi nyuma. Ni miaka ile ya Ujamaa. Watu wamehamia vijiji vipya, nyumba zimepangwa mistari. Kule bondeni, chini ya ule mlima wa Lyamba lya Mfipa, Kaoze na Milepa zimejaa watu waliokuwa wametawanyika. Watoto wamekusanyika mahali pamoja, na surua nayo imefurahia mkusanyiko huo. Chanjo ilikuwa lazima iwafikie. Magari hayakuwepo. Idara ya afya ikatoa pikipiki moja, na pikipiki hiyo akapewa Nesi Silvana, mke wa Marselino.

Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, watu wakimwangalia. Akaanguka, akainuka. Akaanguka tena. Baada ya hapo hakuanguka. Kila wiki alifunga sanduku la chanjo nyuma ya kiti, akavaa koti zito juu ya sare yake, akateremka bondeni. Alilala huko. Kesho yake akapanda mlima kurudi. Kwa hiyo nyumba ile ya Milanzi ilikuwa na utaratibu ambao majirani waliusema sana: mke anaondoka, mume anabaki na mtoto wao, Kristiana.

Sasa sikilizeni tatizo lilipokuwa. Tatizo halikuwa pikipiki. Halikuwa mlima. Tatizo lilikuwa salamu.

Ninyi wa Ufipa mnanielewa. Wageni niwaeleze. Huku kwetu binadamu hapitwi kama mti. Mkubwa akiwa njiani, mwanamke anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anamsalimu. Anamuuliza za nyumbani. Anamuuliza za shamba, za ng'ombe, za yule aliyekuwa anaumwa mguu. Mzee naye anajibu moja moja, kisha anaanza yeye kuuliza. Kumpita mzee huku mashine inanguruma, umemtupia vumbi usoni, ni tusi. Na Nesi Silvana alikuwa binti wa watu waliomlea vizuri.

Basi akimwona mzee, anasimama. Anazima mashine, maana mkubwa hasalimiwi kwa makelele. Anashuka. Anapiga magoti na sare yake nyeupe. Anasalimu mpaka mwisho. Anapanda, anapiga kiki, anakwenda. Hajamaliza hata kupanga gia, kule mbele kuna bibi amebeba kuni.

Mtu wa namna hiyo atafika nyumbani saa ngapi? Alichelewa. Alichelewa kila wiki. Na msimu wa mvua, jioni, ukungu unashuka kule juu ya mlima mpaka huoni mkono wako. Taa ya ile pikipiki ilikuwa moja, hafifu, ya kuonea aibu. Jioni moja Silvana akaingia mtaroni. Akarudi nyumbani na mkono wa koti umechanika na goti limevimba. Wiki chache baadaye aliona bibi kizee kando ya barabara, akakata kushoto ghafla ili amsalimu, na lori lililokuwa nyuma yake likampita kwa unywele. Dereva alisimama mbele huko, akashuka, akakaa chini kwenye majani.

Habari zikafika ofisini. Bwana Afya wakati huo alikuwa Bwana Ambakisye, mtu wa Mbeya, mcheshi, aliyependa kazi iende. Akamwita nesi wake.

"Nesi, wewe wapungie mkono tu, upite. Hata sisi kwetu tunawaheshimu wazee, lakini chanjo haijui heshima. Barafu ya sandukuni inayeyuka."

"Bwana Afya," Silvana akamjibu, "watoto hawaletwi kliniki na mama zao. Wanaletwa na ruhusa ya bibi zao. Nikiwapita leo hao bibi, kesho nitamchoma nani sindano?"

Bwana Ambakisye akakuna kichwa.

Aliyekuwa na jibu ni mama mzazi wa Marselino, Mama Fransiska. Mama huyu alimpenda mkwe wake, tusimsingizie. Lakini aliona goti lile lilivyovimba, na aliogopa. Mtu mzima akiogopa, husema kwa ukali.

"Marselino," alisema, "mke wako atakuja kuletwa hapa amefunikwa shuka. Wewe mwanaume unakaa ndani unapuliza moto, unangoja. Mwambie aache. Afanye kazi hapa mjini kama wenzake."

Marselino aliinamia meza yake ya kazi. Wasikilizaji wapendwa, naomba mkae naye hapo kidogo, ndani ya kile kibanda, kwa sababu maisha yake yote yalipindia hapo. Mama yake alikuwa anasema kile kile alichokuwa anakiogopa yeye mwenyewe. Kila wiki, siku ya kurudi, jua likianza kushuka alikuwa haishiki kazi yoyote ikashikika. Anafungua redio ya mtu, anaifunga, anaifungua tena. Masikio yako barabarani. Alimpenda mke wake, wasikilizaji, alimpenda sana. Na alijua kwamba neno moja tu, "acha," lingeweza kuiondoa hofu ile yote. Silvana angelia, lakini angeacha. Enzi zile mume akisema, imesemwa.

Hakulisema. Akasema lingine.

"Mama, nipe msimu huu mmoja. Nitaifungia ile pikipiki taa za kutosha. Taa zikishindwa, mimi mwenyewe nitamwambia aache."

"Umesema?"

"Nimesema."

Hilo ndilo neno alilompa mama yake. Taa zikishindwa, Silvana ataacha. Na Silvana mwenyewe, ambaye kazi ilikuwa yake, hakuambiwa.

Bwana Ambakisye akaombwa ruhusa, maana pikipiki ilikuwa mali ya umma. Akasema, "Funga. Lakini ukiiunguza, Marselino, nitakufunga wewe badala ya taa." Kazi ikaanza.

Vijana wa leo, mnaokwenda dukani mkanunua taa ikiwa ndani ya boksi na karatasi ya maelezo, sikilizeni miaka ile ilivyokuwa. Vipuri havikuwepo. Globu moja unaitafuta kama unatafuta mchumba. Marselino akatembea mpaka shamba la kijiji kimoja ambako trekta lilikuwa limekufa siku nyingi, kuku wanatagia chini yake. Akawaomba wenyewe taa zake mbili ndogo za mbele. Wakampa, kwa sharti kwamba asiwasumbue kuku. Hizo ndizo zikawa taa za ziada. Indiketa hazikupatikana popote. Akakata makopo ya dawa, akayanyoosha, akayakunja kwa nyundo yakawa vikombe vinne. Kila kikombe akakitia globu, na juu yake kipande cha plastiki cha rangi ya machungwa kutoka taa ya lori lililopinduka. Waya aliupitisha chini ya tangi, akaufunga kwa mipira ya tairi ya baiskeli ili usisuguliwe na chuma.

Taa za ziada alizifunga kwanza juu, pembeni ya ile taa kubwa, zikitazama mbele moja kwa moja. Zilipendeza. Silvana akaenda nazo, akarudi jioni na ukungu, amenuna.

"Baba Kristiana, umenifungia ukuta."

"Ukuta gani?"

"Nikiwasha, mbele kunakuwa kweupe kama nyumba iliyopakwa chokaa. Nimezizima, nikaja na ile taa ya zamani."

Marselino akafikiri. Mwanga ulikuwa unapiga kwenye ukungu na kurudi machoni. Akazishusha taa chini kabisa, karibu na injini, akaziinamisha zitazame barabara na si ukungu. Kisha akavizungushia vioo karatasi za njano za peremende, zile zinazopitisha mwanga, maana aliwahi kusikia karakanani kwamba mwanga wa njano unapenya vizuri zaidi. Wiki iliyofuata Silvana alirudi akiwa na mdomo uliotaka kucheka. "Nimeona mpaka nyasi za pembeni," alisema.

Indiketa nazo zilileta ukaidi wao. Akiwasha ya kushoto, inawaka, imetulia tu. Haipepesi. Kile kidude cha kupepesa, mafundi wanakiita flasha, alikitoa kwenye gari, na gari lina globu kubwa. Kwa vile viglobu vidogo flasha haikushtuka. Basi akaweka globu kubwa zaidi, zenye kula moto mwingi wa betri. Zikapepesa. Tik, tik, tik. Mama Fransiska akachungulia mlangoni, akaangalia kwa muda.

"Inakonyeza kama muhuni," akasema, akarudi ndani.

Lakini ilifanya kazi, wasikilizaji wapendwa. Silvana akiona mzee kando ya njia, anawasha ya kushoto. Aliye nyuma anajua nesi anatoka barabarani, anapunguza mwendo. Lori halikumkaribia tena. Na wazee nao wakajifunza. Taa ya kushoto ikianza kupepesa kule mbali, mzee anajua anakuja kusalimiwa yeye. Anaweka chini mzigo wake. Anafuta mikono. Anasimama vizuri. Mama Silvana alituambia kuna bibi mmoja alikuwa anaijibu ile taa kwa makofi kabla hata pikipiki haijasimama.

Wiki zikapita. Mama Fransiska akaanza kunyamaza. Marselino akaanza kuweza kushika kazi jioni.

Halafu ikaja siku ile ya mwezi wa pili.

Silvana alikuwa anatoka Kaoze. Alipomaliza kupanda mlima, mawingu yalikuwa yameshafunika kila kitu, ingawa jua lilikuwa bado juu. Akawasha taa zote. Mbele kidogo akamwona Mzee Leonsi amekaa peke yake kando ya njia. Akawasha indiketa, akakata kushoto, akazima mashine, akashuka, akapiga magoti. Alidhani ni salamu ya kawaida. Kumbe Mzee Leonsi alikuwa amemzika mke wake jana yake, wakati Silvana yuko bondeni.

Ningekuuliza, msikilizaji, ungefanyaje? Ungesema pole, ukapiga kiki? Silvana alikaa chini. Mzee akamsimulia ugonjwa ulivyoanza. Akamsimulia usiku wa mwisho. Akalia, na Silvana akalia naye. Walikaa muda mrefu.

Na pikipiki nayo ilikaa pale pembeni, mashine imezimwa, taa zote zinawaka, indiketa inakonyeza. Mashine ikizimwa, betri haipati kitu. Inatoa tu. Silvana alipoinuka, taa zilikuwa zimekuwa nyekundu, halafu zikawa hakuna. Akapiga kiki. Kimya. Pikipiki ile ilitegemea betri hata kuwaka. Akapiga tena. Kimya.

"Mashine imekufa?" Mzee Leonsi akauliza.

"Imeishiwa moto, baba."

"Basi sisi tuna miguu."

Akaenda kuita wenzake wawili. Huku kwetu mgeni aliyekuja kukupa pole haachwi aende peke yake, anasindikizwa. Wazee wakashika pikipiki, wakaanza kuisukuma kuelekea mjini. Dada mmoja akabeba sanduku la chanjo kichwani. Kila walipofika kwenye nyumba, watu walitoka, wakauliza, wakaambiwa ni nesi, taa zake zimekufa akimpa Leonsi pole. Waliochoka wakapumzika, wengine wakapokea. Wengine hawakupokea chochote, walifuata tu, maana walimfahamu. Ni wale wale aliowapigia magoti.

Sasa twende Milanzi. Fundi Marselino alikuwa amesimama kando ya barabara, mtoto Kristiana mgongoni, amefungwa kwa khanga ya mama yake. Kuku walikuwa wanaingia bandani. Muda wa Silvana ulikuwa umepita. Masikio yake yalitafuta mlio wa mashine, na mlio haukuwepo. Badala yake akasikia miguu. Miguu mingi, polepole. Akasikia sauti za wazee zikizungumza chini chini. Kisha ndani ya ukungu akaona kundi la watu linakuja kwa mwendo ule wa msibani ambao sote tunaujua.

Alitusimulia mwenyewe, miaka kumi iliyopita, kwenye kipindi hiki hiki. Alisema, "Niliona watu wanakuja wamekusanyika, hakuna mlio wa mashine. Nikajua wamenibebea. Nikakaa chini pale pale na mtoto mgongoni. Nilikuwa nasema moyoni, ningesema lile neno moja tu. Ningesema acha."

Kisha kundi likafika, na katikati ya wazee, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, mwenye matope mpaka magotini, alikuwa Silvana.

Silvana ndiye aliyemwinua Marselino.

Mama Fransiska akatoka nje. Akawaona wazee wale, wengine wakubwa kuliko yeye, wameshika pikipiki ya mkwe wake, jasho linawatoka na baridi ile. Angesema nini? Akapiga magoti, akapiga makofi, akaanza kuwasalimu mmoja mmoja. Salamu zile zilichukua muda, kama mnavyojua. Zilipokwisha, akainuka, akamgeukia mwanawe.

"Marselino. Neno lako nalikumbuka. Taa zimeshindwa."

Silvana akamwangalia mumewe. "Neno gani?"

Ikabidi Marselino aseme mwenyewe, mbele ya wote, alichomwahidi mama yake.

"Uliweka kazi yangu rehani," Silvana akasema polepole. "Hata kuniuliza, hukuniuliza."

Marselino akainamisha kichwa. Akasema maneno ambayo yalikuja kuwa maarufu Milanzi nzima. Alisema, "Nilihesabu globu. Nilihesabu waya. Betri nayo niliihesabu. Salamu sikuzihesabu."

Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Kwani wewe baba ni Mfipa wa wapi?"

Watu wakacheka. Hata dada mwenye sanduku kichwani akacheka mpaka akalishika kwa mikono miwili. Mama Fransiska hakucheka. Bado alikuwa anamtazama mwanawe, anangoja neno litimizwe. Hapo ndipo Mzee Leonsi, mfiwa, akasogea mbele. Alikuwa hajacheka yeye pia.

"Mama," alisema, "taa hazikushindwa. Zilizimika zikiningoja mimi nilie. Tangu nizike, watu wamenipa pole wamesimama. Huyu alikaa chini. Kama kuna kosa, ni langu."

Mama Fransiska akamtazama mzee yule. Kisha akashika ncha ya khanga yake, akafuta macho.

"Ingieni ndani mle," akasema. Na kwa mwanawe akasema, "Zitengeneze vizuri. Wazee hawa hawawezi kusukuma kila wiki."

Hivyo ndivyo Nesi Silvana alivyobaki na pikipiki yake.

Lakini msidhani mambo yaliisha kwa ugali na maharage. Silvana alimnunia mumewe. Alimpikia, alimjibu, lakini alimnunia. Marselino akaingia kibandani. Akachukua swichi ndogo yenye springi, ile inayowasha taa ya breki, akaifunga chini pembeni ya stendi. Ukishusha stendi, taa zote na indiketa zinazimika zenyewe. Ukipandisha, zinarudi. Salamu ikawa haigharimu kitu. Silvana angeweza kukaa na mfiwa mpaka machozi yakauke, betri ingekuwa inamngoja na moto wake wote.

Akamwonyesha mkewe. Akashusha, akapandisha. Akashusha, akapandisha.

"Na samahani," akaongeza.

Mama Silvana anasema, "Alisema mara moja tu. Lakini Marselino alikuwa hasemi kitu mara mbili. Nikaanza kuongea naye."

Wasikilizaji wapendwa, Nesi Silvana aliendesha pikipiki ile kwa miaka mingi, Kaoze, Milepa na vijiji vya kati, mpaka alipohamishiwa wodi ya wazazi mjini. Wako watu wazima wanaotusikiliza sasa hivi, wana kovu la chanjo begani, na mkono uliowachoma ulikuwa wake. Fundi Marselino naye akajulikana. Wenye malori walimjia, mapadri walimjia, hata Bwana Ambakisye alipohamia kwao Mbeya alirudi siku moja na pikipiki yake mwenyewe, akitaka "taa kama za nesi." Na kila aliyefungiwa taa aliulizwa swali lile lile kwanza. "Ukisimama njiani, huwa unasimama kwa muda gani?"

Binti yao Kristiana, yule aliyekuwa mgongoni, sasa ni bibi na yeye. Alituambia hivi: "Baba hakuacha kuogopa. Watu wanafikiri alizoea. Nilikuwa namwona. Siku mama anarudi alikuwa hawezi kula mpaka amsikie. Lakini asubuhi mama akiondoka, baba ndiye aliyekuwa anamfungia sanduku."

Tulimuuliza Mama Silvana kama aliwahi kumuuliza mumewe kwa nini hakumkataza. Kwa nini alichagua miaka yote ile ya hofu, na neno moja lilikuwa mdomoni mwake.

"Nilimuuliza," alisema. "Tulikuwa tumeshazeeka, tunaota jua. Akaniambia, ningekukataza ungebaki. Lakini ningekuwa naishi na mtu mwingine."

Sisi tuliokuwa tunarekodi tulizima kinasa sauti.

Kwa Mama Silvana, kwa Kristiana na ndugu zake, kwa wajukuu na vitukuu, na kwa jamii yote ya Milanzi, sisi hapa redioni tunawapa pole kwa moyo wote. Tungependa kuwapa pole tukiwa tumekaa chini, wala si kwa kupita. Mungu ailaze roho ya Fundi Marselino Alfonsi mahali pema peponi, amina.

Na wewe unayesikiliza, nina swali moja. Nyumbani kwako yuko mtu ambaye kazi yake inakutia hofu. Anakwenda ziwani, anakwenda machimboni, anakwenda shule ya mbali. Unaweza kumwambia abaki, na pengine atabaki. Kabla hujamwambia, jiulize kama kuna kitu mikono yako inaweza kumtengenezea. Fikiri taratibu. Usinijibu mimi.

Tulipokuwa tunaaga pale Milanzi, Mama Silvana alitusindikiza mpaka barabarani, kama desturi. Akasimama mahali ambapo mumewe alikuwa anasimama. Alisema maneno haya, na ameturuhusu tuyatangaze.

"Miaka yote mimi nilikuwa naondoka, yeye anangoja. Nilikuwa nikirudi namkuta amesimama hapa, namcheka. Namwambia, baba Kristiana, mbona umepauka? Sasa ameondoka yeye. Jioni najikuta nimetoka nje, nimesimama, sijui nasikiliza nini. Ningejua kungoja kunauma hivi, nisingemcheka."